Bahasha Ambayo Sikuifungua

Tangu nilipoacha kazi ya wakili wa serikali na kufungua afisi yangu hapa Malindi, si mbali na mahakama, swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama sasa ninaweza kuwasimamia watu dhidi ya serikali ileile niliyoitetea kwa miaka mingi. Ninaweza, na ninapenda kufanya hivyo, lakini si katika kila kesi.

Mwezi uliopita alinijia mzee mmoja kutoka upande wa Ganda, ameshika bahasha ya karatasi za shamba. Baada ya kuitikia shikamoo yangu alisema, “Mwanangu, wewe ndiwe uliyetushinda mahakamani. Unaijua kesi yetu kuliko mtu yeyote. Sasa tusimamie sisi.”

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu ninajua dhuluma yao ilikoanzia. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilimtaka kila aliyedai ardhi katika ukanda huu wa pwani apeleke dai lake kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wagiriama wengi, waliolima kwa vizazi bila karatasi, waliamka wakiwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Sheria ile ilifutwa 2012, lakini hati zilizotokana nayo bado zinabishaniwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya hapa mjini.

Hata hivyo, Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inamkataza aliyekuwa afisa wa umma kumwakilisha mtu katika jambo alilolishughulikia akiwa kazini, hadi ipite angalau miaka miwili. Mimi sijafikisha hata mwaka mmoja. Tena, miaka hiyo ikishapita, siri nilizoambiwa na mteja wangu wa zamani zitabaki kuwa zake, kwa kuwa wajibu wa wakili kuzitunza haukomi ajira inapokoma.

Kuacha kazi ya serikali na kujitegemea kwenyewe si aibu. Profesa Githu Muigai, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu kuanzia 2011 hadi alipojiuzulu 2018, alirudi kwenye uwakili wa kujitegemea, na 2022 akasimama katika Mahakama ya Juu kuitetea tume ya uchaguzi. Kinachonitia hofu ni yule anayeondoka serikalini leo na kesho kuuza alichokisoma katika faili za jana, maana mwananchi akiliona hilo hatamwamini tena wakili wa upande wowote.

Nilimrudishia mzee bahasha yake bila kuifungua, nikamweleza sababu polepole mpaka akaielewa. Kisha nilimwandikia majina ya mawakili wawili. Wa kwanza ni mwanamke kijana ambaye, katika kesi nyingine ya ardhi, alinishinda katika mahakama hiyohiyo.