Chupa ya Mistari

Jumapili usiku

Mezani kwetu kuna chupa ya plastiki niliyoichora mistari kwa wino mweusi. Ndiyo maji yote ya mume wangu, Baba Akinyi, kwa siku: mililita 700, chai na uji vikihesabiwa humohumo. Figo zake ziliharibiwa na presha aliyoibeba barabarani miaka mingi, akiendesha matatu ya Kisumu na Busia, asijue anayo. Siku hizi mkojo ni kidogo mno, kwa hiyo anachokunywa hubaki mwilini hadi Jumanne au Ijumaa, mashine ya kusafisha damu hospitalini imtolee. Yakizidi, miguu huvimba, kisha yanaingia mapafuni. Februari nilikesha nimemwegemeza kifuani kwangu, anahema kama aliyekimbizwa, huku nampigia simu kila mwenye gari ninayemjua. Tangu usiku ule niliiweka chupa chini ya ulinzi wangu.

Jumatano iliyopita mama mkwe alifika kutoka Usenge na kuku, mfuko wa omena na fungu la mizizi ya dawa. Joto lilikuwa lile la Kisumu la saa nane, mabati yanalia. Baba Akinyi akaomba maji. Nikamwambia, bila hata kuinua macho kwenye viazi nilivyokuwa nikivikatakata nivichemshe nimwage maji yake, "Bado. Ngoja saa kumi."

Mama akaweka kikombe chini. Huniita binti wa Kakamega, kwa Kijaluo. "Nyar Kakamega, mwanangu anaomba maji nyumbani kwake, nawe unamwambia angoje?"

Shemeji alikuwepo. Jirani alikuwepo. Nilijaribu kueleza habari za figo na mapafu, maneno yakanikauka. Mama amezaliwa ufuoni mwa ziwa. Kwao hata mpita njia asiyejulikana hupewa maji kabla ya kuulizwa jina. Angenielewaje?

Usiku, mama alipolala, Baba Akinyi akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Akinyi, ulisema kweli. Lakini si mbele ya mama yangu."

Nilikasirika. Ni mimi ninayefunga kibanda changu cha kushonea pale Kondele siku mbili kila wiki. Ni zamu yangu ya chama iliyolipa mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, wa mwaka mzima kwa mkupuo, na Akinyi akarudi kidato cha tatu na salio la karo. Mashine hulipiwa, mara mbili kwa wiki, namshukuru Mungu. Lakini kuna sindano za kuongeza damu, kuna vipimo, na kuna tuktuk ya kurudi, maana akishuka kwenye kile kiti cha mashine baada ya kukaa saa nne hawezi kubanana kwenye matatu. Shemeji husema tuuze shamba tumpeleke India. Nilipomwambia kwamba lazima kwanza apatikane ndugu wa kumtolea figo, na ndugu wapimwe, simu zilinyamaza. Simlaumu sana. Kuogopa kisu si dhambi.

Yote hayo nilitaka kumwaga usiku ule. Kisha nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimuuliza mume wangu swali lisilo "umekunywa ngapi?" Nilikosa jibu. Huyu ndiye mtu aliyekuwa na abiria 14 nyuma yake, yeye ndiye anayeamua gari liondoke saa ngapi. Nami nimemfanya aombe maji kama mtoto.

Asubuhi nilimkabidhi chupa na kalamu. Ajipimie, achore mwenyewe. Mikono ilinitetemeka, sitaficha.

Ijumaa mama alisema anakuja nasi. Mizani ikaonyesha kilo 2.8 juu ya uzito anaotakiwa kuwa nao. Nilifunga mdomo, na ilikuwa kazi. Mama alikaa saa zote nne, macho kwenye ile mirija myekundu. Mwishoni muuguzi akamwambia ni lita ngapi zimetolewa. "Zote hizo zilikuwa ndani yake?" akauliza. Njiani hakusema neno. Jana amerudi Usenge. Hakuniomba radhi, wala sikutarajia, ila alipoaga alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Mizizi yake nimeiweka juu ya kabati. Figo hizi haziwezi kujaribiwa na kitu tusichokijua, nami nitamweleza hivyo mwenyewe, kwa upole, akija tena.

Kila usiku mimi hugusa mkono wake wa kushoto, pale walipounganisha mishipa kwa ajili ya mashine, nisikie kama mtetemo upo. Muuguzi ndiye aliyenifundisha. Leo sikumwambia alete mkono. Tulikuwa tumekaa barazani, ananisimulia mvua iliyowahi kumkuta Ugunja gari likiwa limejaa, akaunyoosha mwenyewe huku anaendelea kusimulia. Mtetemo upo.

Chupa sikuitazama. Kesho kutwa ni Jumanne. Nauli ya kwenda ninayo, ya kurudi itatoka kwenye sare mbili za shule ambazo lazima nizimalize kabla sijalala.