Kabla ya kumpa fundi arubuni

Anayetafuta fundi wa milango na madirisha hapa Lamu kwa kawaida huuliza mambo mawili: bei, na siku ya kumaliza. Ni haki yake. Ila majibu ya hayo hayamwambii mlango utadumu vipi. Kinachoumaliza mlango wa pwani ni unyevu, chumvi na mchwa, na vyote vitatu huingilia pale pasipoonekana: ukingo wa chini, mgongo wa mwimo (mti wa wima wa fremu) ulioegemea ukuta, matundu ya skrubu nyuma ya bawaba. Sura ya mbele kila fundi huipendezesha. Kwa hiyo nadhani mazungumzo na fundi yaanzie huko kusikoonekana, tena kabla pesa haijatoka mkononi.

Tuanze na mbao. Mvule, mbambakofi na msaji zinastahimili hewa ya bahari. Mwembe ni rahisi na hukubali kuchongwa, lakini dumuzi huupenda, basi ubaki milango ya ndani. Mbao nyingi hufika kwa lori hadi Mokowe, zikavushwa kwa mashua, kisha zikabebwa na punda au hamali hadi mlangoni. Semeni mapema nani analipa kila hatua, maana ugomvi mwingi huzaliwa gatini. Zikishafika zisikatwe siku hiyo hiyo. Mbao iliyokaushwa kwa tanuri bara inaweza kuwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na hewa yetu itaupandisha hadi 14 au 16. Mlango wa mbao zilizounganishwa wenye upana wa milimita 900 huweza kuvimba milimita 5 au zaidi kwa tofauti hiyo. Zipangwe kivulini ndani ya nyumba hiyo hiyo, vipande vyembamba vikiwekwa katikati ya kila safu ili hewa ipite, wiki tatu hivi. Fundi mwenye kipima unyevu ni bahati. Asiye nacho, mwachie muda.

Kupima nako kuna adabu yake. Kuta za matumbawe hazijanyooka, kwa hiyo upana wa uwazi upimwe juu, katikati na chini, na kipimo kidogo ndicho kifuatwe. Fremu iwe ndogo kuliko uwazi kwa milimita 10 hadi 15 kila upande, ili kabari zipate nafasi ya kuinyoosha. Ikisimamishwa, futi kamba ipite kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 3, mlango utakwama hata uwe wa mbao gani. Mlango wenyewe uachiwe milimita 3 pembeni na juu, na 8 hadi 10 chini. Anayeubana sana wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, atarudi na randa masika yakiingia.

Kuishika fremu ukutani ndiko mafundi waliozoea matofali ya bara hukosea. Tumbawe lina vishimo na humung'unyuka: plagi ya plastiki hulegea, na simiti iliyojazwa pembeni hufungia unyevu na chumvi ndani mpaka ukuta ukamenyeka. Chokaa ndiyo inayoelewana na ukuta huu, sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, na mchanga usiwe wa ufuoni, kwani chumvi yake haitulii. Vibati vya kushikia fremu visiwe vya chuma cha kawaida. Chuma kikishika kutu hutanuka, na kutu hiyo hupasua ukuta kutokea ndani. Miguu ya miimo nayo isizikwe kwenye zege: ikae juu ya jiwe, ncha zake zikiwa zimelowekwa dawa ya mchwa.

Sasa skrubu. Hapa ningesimama nimwangalie fundi kwa macho yangu. Mlango mzito wa mvule unataka bawaba 3 za inchi 4, na ya tatu iwekwe karibu na ile ya juu, kwa sababu mvuto mkubwa uko juu. Bawaba na skrubu zote ziwe za shaba, au zote za chuma cha pua daraja la 316. Daraja la 304 hupata madoa ya kutu karibu na bahari. Skrubu ya shaba ni laini, na ukiilazimisha kwenye mbao ngumu hukatika kichwa, kiwiliwili kikabaki ndani. Fundi mzuri hutoboa kwanza kwa keekee, akapitisha skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule ili ichonge njia, akaitoa, ndipo akaingiza ya shaba iliyopakwa nta. Ukiyaona haya bila kuyaagiza, umepata mtu wa kumshika.

Milango mikongwe ya nakshi ina hesabu nyingine. Mingi haina bawaba: huzunguka juu ya ncha ya mbao ya mlango wenyewe, inayoingia kwenye tundu la kizingiti juu na chini. Ncha ikilika, upande mmoja hushuka na kugongana na mfaa, ule mti wa wima wa katikati ya mlango. Dawa yake ni kuijaza ncha kwa kipande cha mbao ya aina ile ile na kuweka kibati cha shaba chini ya tundu. Anayetaka kuikata ncha apige bawaba, usimpe kazi hiyo. Tena mji mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ombeni idhini ya ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho kabla ya kugusa nyumba ya zamani.

Kwa madirisha, kikubwa ni kizingiti cha chini: kiteremke kuelekea nje, na chini yake kiwe na mfereji mwembamba wa kudondoshea maji yasirudi ukutani.

Rangi au mafuta yapakwe pande zote sita kabla mlango haujatundikwa, ukingo wa chini ukiwa wa kwanza. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandazwe nje yakauke, maana yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.

Makubaliano yaandikwe nakala mbili: aina ya mbao, unene, bawaba, skrubu, nani ananunua nini. Mimi hupendelea mwenye nyumba anunue mbao na vyuma mwenyewe, fundi alipwe ufundi: theluthi mwanzo, theluthi fremu zikisimama, na iliyobaki mlango ukifunguka vizuri, isipokuwa asilimia 10 inayosubiri mvua za Mei. Mvua zikipita, mwiteni fundi, fungueni kila mlango mbele yake, mpitishe kidole ukingo wa chini, kisha mmalizie haki yake siku hiyo hiyo.