Siku Mzee aliponipeleka kwa Cyclone Taylor

Mzee aliyenifundisha kuitazama hoki ya barafuni alizaliwa Kisumu. Nilimkuta Surrey, jirani na Vancouver, nilipokuwa mgeni Kanada, na katika jengo letu lote hapakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye Kiswahili. Ujana wake aliumalizia kwenye mpira wa magongo Nairobi, enzi zile Kenya ilipokuwa ikiogopwa. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza kule Barcelona, tulishika nafasi ya nne, na nguzo za timu ile walikuwa Masingasinga kama yeye. Kwa hiyo alipoketi mbele ya televisheni kutazama Canucks, timu ya hoki ya Vancouver, alikuwa akitazama mchezo anaoujua, ila umehamishiwa kwenye barafu. Mimi, mtu wa Mombasa, nilikuwa sioni hata kile kisahani cheusi wanachokigombea.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne alinigongea mlango asubuhi.

“Kijana, vaa viatu. Leo nakupeleka kwa Cyclone Taylor.”

Jina nilikuwa nimelisikia, kwa sababu Canucks kila msimu humtunuku mchezaji wao bora tuzo yenye jina hilo. Mwenyewe, mchezaji wa zamani, nilijua amekwisha kufa, nikadhani tunakwenda makaburini. Tulipanda treni mpaka mjini, kisha basi la barabara ya Georgia, tukashuka pembeni mwa Denman, ilipo bustani ukingoni mwa ghuba ya Coal Harbour. Palikuwa na majani mabichi, bata, na mashua za matajiri. Mzee akasimama katikati ya majani.

“Hapa ndipo alipochezea.”

Ukumbi ule, Denman Arena, ndugu wawili, Frank na Lester Patrick, waliujenga mwaka 1911 kwa fedha za familia yao zilizotokana na mbao. Uliingiza watu kama 10,000, na barafu yake ilitengenezwa kwa mitambo, kwani Vancouver wakati wa baridi mara nyingi hunyesha mvua. Uliungua mwaka 1936. Mzee alinipimia uwanja kwa hatua zake, fimbo mkononi: goli hili huku, lile kule, na katikati mchezaji wa saba. Siku hizi timu huwa na watu sita barafuni. Enzi hizo pwani hii walicheza saba, na huyo wa saba hakuwa na mahali maalumu. Alikwenda popote kisahani kilipo. Taylor alikuwa huyo.

Sijasahau jinsi Mzee alivyonisimulia safari ya mtu yule. Alizaliwa katika kijiji cha Tara, Ontario, mwaka 1884. Alikuwa kijana mdogo Listowel alipoitwa na timu ya Toronto akakataa, na wakuu wa hoki ya ridhaa wa jimbo wakamfungia asicheze popote Ontario. Akahamia magharibi, Manitoba, kisha akavuka mpaka kwenda Houghton, mji wa migodi ya shaba huko Michigan, ambako ligi ya kwanza ya kulipwa kabisa ilikuwa imeanza mwaka 1904. Kule Kanada kumlipa mchezaji bado kulionekana aibu. Houghton walilipa mchana kweupe. Kutoka hapo akaenda Ottawa, akatwaa Kombe la Stanley, kombe kuu la hoki, mwaka 1909, na msimu uliofuata mji mdogo wa Renfrew, wenye tajiri wa migodi na reli, ukamnunua kwa dola 5,250 kwa msimu wa mechi kumi na mbili. Husimuliwa kwamba aliwaapia Ottawa atawafunga bao huku akiteleza kinyumenyume, na kwamba alilifunga. Mzee aliamini bila shaka yoyote, akanionyesha kwa mgongo wake mwenyewe pale kwenye majani, mpaka nikamshika mkono asianguke.

“Lakini Mzee,” nikamwuliza, “mtu wa bei hiyo alikuja huku mwisho wa dunia kutafuta nini?”

“Alikuja na kazi yake.”

“Kazi gani?”

“Twende.”

Tukaifuata njia ya ufukweni kurudi upande wa mjini. Hapo ndipo nilipofahamishwa jambo ambalo mpaka leo naona kila anayemsifu Taylor angepaswa kulitaja. Hoki ya wakati ule ilikuwa ya miezi michache. Mshahara ulikuwa mnono lakini barafu ilikuwa fupi, na mchezaji mwenye akili alitafuta kitu cha kumshikilia mwaka mzima. Ottawa walipomtaka mwaka 1907 walimvuta kwa fedha na pia kwa ajira ya serikali, katika idara ya uhamiaji. Alipohamia Vancouver mwaka 1912, cheo kikamfuata. Usiku mpachika mabao, mchana ofisa uhamiaji bandarini.

Tukafika kwenye ukumbusho wa meli ya Komagata Maru. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Meli ile ilitia nanga mbele ya pale tarehe 23 Mei 1914, ikiwa na abiria 376 kutoka India, wengi wao Masingasinga wa Punjab, na wote raia wa dola ya Uingereza kama Wakanada wenyewe. Sheria ilidai mhamiaji awe amesafiri moja kwa moja kutoka nchi yake, na hapakuwa na meli iliyotoka India moja kwa moja. Msimu wa hoki ulikuwa umekwisha. Taylor alikuwa kazini, na alikuwa miongoni mwa maofisa wa kwanza kuipanda meli hiyo. Kwa miezi miwili abiria walizuiwa humo ndani, chakula na maji vikiwapungukia, mji wakiuona kwa macho. Wachache tu, karibu wote wakazi waliokuwa wakirejea, waliruhusiwa kushuka. Tarehe 23 Julai meli ilitolewa bandarini chini ya ulinzi wa manowari, watu wamejaa ufukweni wakitazama. Ilipofika karibu na Calcutta askari wakawafyatulia abiria risasi, na karibu ishirini wakafa.

Miezi minane baada ya meli kuondoka, mji uleule ulijaa ukumbini kumshangilia Taylor. Vancouver iliichapa Ottawa 6–2, 8–3 na 12–3, ikatwaa Kombe la Stanley la mwaka 1915.

Nilikasirika. Nimekula Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga wa reli, ambako msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa huketishwa akalishwa bure, haulizwi dini wala kabila. Nikamwuliza Mzee anawezaje kumpenda mtu huyu.

“Yeye hakuandika sheria. Alitumwa.”

“Waliotumwa ndio walioizuia meli, Mzee.”

“Na wewe, ulipofika uwanja wa ndege, yule aliyekugongea muhuri alikuwa nani? Alitumwa pia. Ungemchukia?”

“Mimi aliniruhusu.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema hamtengi ofisa na mchezaji. Kama angemtenga, asingenileta sehemu zote mbili siku moja. Hapo tulikubaliana. Hatukukubaliana juu ya uzito. Kwake bao la kinyumenyume lilibaki bao. Mimi nilimwambia kwamba Taylor aliacha hoki mwanzoni mwa miaka ya 1920 lakini uhamiaji aliutumikia mpaka mwaka 1950, akiwa kamishna wa British Columbia na Yukon. Kwamba mwaka 1946 alipewa nishani ya Uingereza ya OBE kwa utumishi wake wa uhamiaji, na mwaka 1947 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki. Heshima mbili mfululizo, na wanaosimulia huchukua ile ya pili tu. Mzee akasema hizo tarehe nimezisoma kwenye simu sasa hivi, tukiwa tunangoja treni, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba nizidi kusoma.

Tulibishana mpaka tukavuka mto Fraser. Jioni Canucks walicheza, tukaketi kwake kama kawaida, na kwa mara ya kwanza nilikiona kile kisahani kikitoka kwenye fimbo kwenda wavuni.