Gia ya Kati Iliyonizungusha Miezi Miwili

Baiskeli yangu ya mlimani ina gia tatu za mbele, zenye meno 22, 32 na 42, na kwa kuwa naishi Mbale, Uganda, nikifundisha shule iliyo juu ya mlima Wanale, ile ya kati ndiyo inayobeba taabu karibu yote. Ilipochakaa, meno yake yalijipinda upande mmoja yakawa kama ndoana, na kila nilipokanyaga kwa nguvu kwenye matope, cheni ilikataa kuachia upande wa chini, ikapanda pamoja na gia hadi kujikaba kwenye fremu. Nimeanguka mara mbili mbele ya wanafunzi wangu.

Washauri hawakukosekana. Mmoja aliniambia kwamba madamu cheni haijakatika, basi ni nzima. Mwingine alitaka niondoe gia zote tatu nifunge moja tu, ile yenye jino nene na jembamba kwa kupokezana. Gia hiyo hushika cheni vizuri sana, lakini haifai pale unapohitaji kuhamisha cheni mbele, na anayenishauri niyaache meno 22 hajawahi kupanda Wanale akiwa na madaftari ya darasa zima mgongoni.

Nilimsikiliza wa tatu, fundi wa kuchomelea mageti. "Mwalimu, chuma ni chuma," aliniambia, akachukua kipande cha bamba la milimita 3 kilichobaki kwenye kazi yake, akaiweka gia yangu juu yake, akachora kwa chaki na kukata. Meno yaliyolika aliyakadiria kwa macho. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba nafasi ya ndani ya cheni yangu haifiki hata milimita 2.5, kwa hiyo nikakaa na tupa jioni mbili nzima nikipunguza meno 32, kila moja pande zote mbili, huku mke wangu akiniuliza kama mshahara umeingia. Asubuhi ya kwanza gia ililia kama kinu cha posho. Kwenye kona ya pili cheni ilisimama juu ya ncha za meno, ikateleza, na goti langu likagonga usukani. Baadaye nilielewa kisa chake: kutoka jino hadi jino pawe na milimita 12.7, na kosa dogo la chaki likirudiwa jino baada ya jino, ukifika nusu ya duara cheni na gia hazijuani tena.

Hapo ndipo nilipoamua kununua, ila sikutaka kuuziwa kwa kukisia. Niliilaza gia ya zamani mezani, nikaweka ukurasa wa kalenda juu yake, nikausugua kwa kipande cha mkaa mpaka matundu ya bolti yote manne yakajitokeza wazi kuliko picha ya simu. Kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu la jirani nilipata milimita 73 na nusu, na kwa gia ya bolti nne hiyo ina maana kwamba duara la bolti, yaani lile linalopita katikati ya matundu yote, lina upana wa milimita 104. Karatasi hiyo niliikunja mfukoni, nikapanda basi la Kampala. Muuzaji wa kwanza alinipa gia akiniapia kwamba zote ni sawa. Niliilaza juu ya karatasi, matundu yakapishana, akairudisha bila neno.

Katika duka la tatu nilipata ya chuma. Walinionyesha pia ya alumini ya aina iitwayo 7075, ambayo ni ngumu kuliko alumini za kawaida na nyepesi mno, lakini sishindani na mtu, na kwa matope yetu yenye mchanga chuma hudumu zaidi. Ile ya 42 niliiacha ilivyo kwa sababu siitumii. Kwa gia na cheni nilitoa kama laki moja na kitu, mbali na nauli.

Cheni mpya niliamua kuinunua pia baada ya kuipima ile ya zamani kwa rula. Pingili 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, hutakiwa kuwa milimita 304.8, na yangu ilikuwa 308. Cheni iliyorefuka hivyo hupanda juu ya meno na kuyala, hata yawe ya chuma gani. Sasa napima kila mwisho wa mwezi, na ikivuka 306 naitoa. Wakati wa kufunga, kile kichomozo kidogo kama kidole kilicho kwenye gia ya kati kielekee kwenye mkono wa pedali. Mimi nilikiweka kwingine, na kwa siku mbili kubadilisha gia kukawa vita.

Kigurudumu cha meno kilicho kidogo kabisa kule nyuma, kilichozoea cheni ya zamani, bado kinairusha hii mpya. Nimekiacha hivyo kwanza, maana huwa nakihitaji wakati wa kuteremka tu, na nikiteremka kutoka Wanale sikanyagi.