Upupu wa shangazi na daftari la Baba

Baba alifundisha shule ya msingi huko Ahero kwa miaka mingi. Ugonjwa wa Parkinson ulipomshika, sisi tulihangaikia mikono tu. Vidonge vya levodopa vikapunguza kutetemeka, tukashukuru. Kisha akaacha kusikiliza redio. Akaacha kwenda kanisani. Chakula alikitazama hadi kikapoa. Mimi nilisema ni uzee, kaka yangu akasema Mzee anadeka. Maneno hayo yananiuma hadi leo, maana daktari alitueleza kuwa hiyo ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na kwamba mara nyingi huja na Parkinson yenyewe: ugonjwa huo hauharibu mwendo peke yake, huvuruga pia kemikali za ubongo zinazompa mtu hamu na furaha.

Alipewa dawa ya sonona, tukaambiwa tusubiri wiki kadhaa. Kusubiri kulitushinda. Shangazi akaja na unga wa mbegu za upupu kutoka soko la Kibuye, pamoja na chupa ya vidonge vya St John's wort, dawa ya mitishamba ya kuondoa huzuni, aliyotumiwa na bintiye aliye Marekani.

Tulianza na unga, kijiko kwenye uji wa asubuhi. Siku mbili Baba alitembea vizuri, hata akacheka. Siku ya tano shingo na mabega vilianza kujinyonganyonga vyenyewe, kikombe hakishikiki. Nilitia kila kitu kwenye kikapu, nikampeleka kliniki.

Daktari hakutukemea. Alisema mbegu za upupu zina levodopa, jambo linalojulikana tangu 1937. Kumbe tulikuwa tukimwongezea dawa ileile, tena kwa kijiko kisichojua kipimo. Ile chupa nayo, ikichanganywa na dawa yake ya sonona, ingeweza kuzidisha serotonini, mojawapo ya zile kemikali za ubongo, mwilini: homa, jasho, kuchanganyikiwa, hata kifo. Tulikuwa hatujaifungua. Namshukuru Mungu.

Kilichotusaidia ni daftari la kurasa 96. Niliandika saa ya kila kidonge, saa ya chakula, na hali ya Baba. Baada ya wiki mbili nikaona kitu ambacho macho yangu hayakukiona: huzuni na wasiwasi vilizidi karibu na saa ya kidonge kinachofuata, dawa inapoisha nguvu. Daktari akasogeza saa za dawa. Tukaanza kumpa levodopa nusu saa kabla ya kula, na samaki na maharagwe tukayahamishia chakula cha jioni, kwa kuwa protini hugombania njia na dawa hiyo. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tunatembea naye kandokando ya mifereji ya mpunga. Dawa ya sonona ilianza kuonyesha kazi yake wiki ya sita hivi.

Shangazi bado huleta majani na mizizi. Ni upendo wake kwa kaka yake, nami siwezi kumfungia mlango. Ila sasa huketi kwanza, huomba daftari, kisha huniuliza, "Mwanangu, kliniki mnaenda lini? Hii nayo mkamwonyeshe."