Bibi hajui mwaka, lakini mwezi anaujua

Mwalimu wetu wa Historia alitupa kazi ya likizo iliyofanya darasa zima ligune: kila mtu aandike historia ya jamaa zake, kuanzia kwa babu na bibi kuja chini, na kila tukio liwe na tarehe. Hilo la tarehe ndilo lililotuvunja moyo. Sisi ni kidato cha tatu, darasa la mwisho kabisa la 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu wa Kenya. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili wala cha kwanza, kuna gredi ya kumi tu, ambao wamefanya miradi tangu utotoni na hawaoni tabu. Sisi tumezoea maswali ambayo majibu yake yako kitabuni. Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, funga daftari. Sasa bibi yangu aliolewa lini? Kitabu gani kitaniambia?

Ninayekaa naye deski moja, kwao asili ni Kisumu, aliniambia, "Nyinyi wenyeji mna bahati. Sisi Mombasa tumekuja juzi, hatuna cha kuandika." Nikamwacha na imani yake kwa muda.

Huo wenyeji wenyewe una mambo yake. Twakaa Likoni na shule iko kisiwani, kwa hiyo kila asubuhi ni feri. Bibi mzaa baba ni Mdigo wa Waa. Babu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Mji wa Kale, Mkilindini. Waswahili wa Mombasa hujihesabu kwa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: Tatu ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa ni Wamvita na wenzao, wakiwemo Wajomvu, Wapate, Wafaza na Wabajuni. Zamani Taifa Tatu walikuwa na urafiki mkubwa na Wadigo, Taifa Tisa nao walikuwa na marafiki zao miongoni mwa Mijikenda wengine, kwa hivyo ndoa ya babu na bibi haikumshangaza mtu. Wanaoshangaa ni wenye fomu za shule. Kuna nafasi moja tu ya kabila, na mimi huijaza kulingana na nilivyoamka siku hiyo.

Basi nikamwendea bibi na kalamu.

"Bibi, uliolewa mwaka gani?"

"Mwaka waniuliza mimi, mamangu? Kwani mimi nlikuwa na kalenda?"

"Kadiria tu."

"Nlikuwa msichana."

Nikajaribu kumuuliza kuzaliwa kwa baba, kwa shangazi, kwa ammi zangu waliokufa wakiwa wachanga. Mwaka hakuna. Alichokuwa akinipa kila mara, bila kusitasita, ni mwezi, kwa hesabu yetu ya pwani ambayo mfungo mosi ndio mwezi unaofuata Ramadhani. "Mfungo sita, siku zile za Maulidi." "Mfungo mosi, Idi imekwisha kupita." "Ramadhani, kumi la mwisho." Mara nyingine na siku ya wiki juu yake. Mwanzoni niliandika haya pembeni mwa ukurasa kama maneno ya kujazia tu, kwa sababu mwalimu hakuomba miezi. Mpaka usiku mmoja nikayasoma yote kwa pamoja na kuona kwamba bibi ana kalenda, tena nzuri, ila imekosa nambari za miaka. Kazi yangu ikawa kuzitafuta nambari.

Na nambari ziko kwenye habari. Bibi hajui mwaka aliozaa, lakini anajua redio ilikuwa ikisema nini wakati huo. Nikaacha kuuliza "mwaka gani" nikawa nauliza, "Wakati huo watu walikuwa wakizungumza nini?" Hapo mlango ukafunguka, na kuufunga ikawa shida.

Nitaeleza harusi yake kwa urefu kidogo kwa sababu ndiyo iliyonifundisha hesabu yote. Alisema aliolewa mfungo mosi, na kwamba ilikuwa kaskazi, majira ya joto, embe zimejaa hata mbuzi wamezichoka. Haya ni mambo mawili tofauti na ukiyaweka pamoja yanabana. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, yaani ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa Januari na Desemba. Kwa hiyo Idi husogea nyuma kila mwaka, ikawa ya kusi, majira ya baridi, ikawa ya kaskazi, na huchukua kama miaka 33 kurudi majira yale yale. Idi ndogo ya msimu wa embe haitokei kila wakati. Ilitokea mwishoni mwa miaka ya 1960 kuingia mwanzoni mwa 1970, kisha tena karibu na mwaka 2000, na mwaka 2000 bibi alikuwa na wajukuu. Basi ni ule wa kwanza.

Nikamuuliza watu walikuwa wakizungumza nini. Akaweka mikono chini, akacheka. "Mwaka ule ndio Wazungu walipokwenda mwezini. Ammi yangu alikataa katakata. Alisema huo mwezi sisi wenyewe hapa Mombasa twashindwa kuuona vizuri wapate kuukanyaga wao?" Kisha akanyamaza kidogo akaongeza, "Na mwezi ule ule ndio Mboya alipouawa." Waziri Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Apollo 11 ilitua mwezini tarehe 20 Julai 1969. Idi iliyofuata iliangukia Desemba 1969. Kaskazi, embe, mfungo mosi. Nikaandika "Desemba 1969" kwa kalamu ya wino, si penseli.

Siku kamili sikuitafuta. Ziko programu za simu zinazobadili tarehe za Kiislamu kuwa za kawaida, nami nilitumia moja kwenye simu ya baba, lakini hesabu hiyo inaweza kupishana na kilichotokea kweli kwa siku moja au mbili kwa sababu ya kuandama kwa mwezi. Ammi yake bibi hakukosea sana kwa hilo.

Baba ndiye aliyepata mshituko. Kitambulisho chake chasema alizaliwa 1980. Bibi akasema hapana, mimba yake ilikuwa kubwa Kenyatta alipofariki, tena ilikuwa Ramadhani, wanawake wako jikoni wapika futari, habari zikaja. Mzee Kenyatta alifariki hapa hapa Mombasa, Ikulu, tarehe 22 Agosti 1978. Nikatazama: Ramadhani ya mwaka ule ilianza mapema Agosti, kwa hivyo tarehe hiyo ilikuwa katikati ya mwezi wa kufunga. Bibi akasema mtoto alizaliwa mfungo tatu, baada tu ya Idi Kubwa. Hiyo ni Novemba 1978.

Baba hakutaka kukubali haraka. "Mama, kitambulisho ni cha serikali."

"Na tumbo lilikuwa la nani?" bibi akamjibu. "Daraja la Nyali lilipofunguliwa wewe ulikuwa watembea. Nlikushika mkono twenda kulitazama, ukalilia maji."

Daraja la sasa la Nyali lilifunguliwa 1980. Kabla yake kulikuwa na lile la kuelea, la mwaka 1931, ambalo bibi analikumbuka kwa sauti lililotoa gari zikipita. Mtoto anayetembea kwa miguu yake 1980 hawezi kuwa amezaliwa juzi yake. Baba akakaa kimya, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole ni lini atastaafu kwa mujibu wa karatasi na ni lini kwa mujibu wa mama yake. Alipoona karatasi inampa miaka zaidi ya mshahara, akasema jambo hili libaki humu ndani.

(Sasa nimeliandika. Lakini jina lake silitaji.)

Kuna jambo moja la ufundi ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Bibi huzungumza vizuri mikono ikiwa na kazi. Akikaa bure mbele ya simu anakuwa rasmi, anazungumza kama yuko mbele ya chifu. Nikaanza kumrekodi akikuna nazi, na maneno yakawa matamu sana, lakini nilipokuja kusikiliza nilisikia mbuzi ya kukunia tu: kwaru, kwaru, kwaru, na katikati yake neno moja moja. Nikangoja mpaka siku za kusuka ukili, ule utepe wa miyaa wa kushonea mikeka. Ukili hauna sauti. Miyaa imelala mapajani, vidole vyaenda vyenyewe, na macho yake hayatazami simu kabisa. Rekodi zote nzuri nilizo nazo ni za ukili.

Moja sikurekodi. Sebuleni kuna picha ya ndugu mdogo wa babu, shati la kola pana, kando ya saa ya ukutani. Tangu nikiwa mtoto jibu lilikuwa lile lile: huyo alikufa maji. Siku niliyouliza kwa ajili ya kazi ya shule, nilizima simu kwanza. Bibi akasema, "Ijumaa. Mfungo pili. Asubuhi alikuwa avuka kwenda kazini, feri ya Mtongwe." Hakusema zaidi, nami sikumsukuma. Feri ya Mtongwe ilipinduka tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa. Nilifungua kalenda ya mwaka huo: ilikuwa Ijumaa. Nikabadili tarehe: mfungo pili. Miaka thelathini na zaidi imepita, na hakuna aliyewahi kumwandikia, na hakukosea hata siku. Niliporudi kumuuliza kama naweza kuliandika jina la marehemu kwenye kazi ya shule, aliniambia niliandike kamili, na la babake, na la babu yake.

Kwenye kizazi cha juu mambo yakawa magumu. Babake bibi alikuwa kuli bandarini Kilindini, na bibi amesikia tangu utotoni kuhusu mgomo, namna makuli walivyokuwa wakikutana Kiwanja cha Maskini, na namna nyumbani walivyokula mihogo wiki ile. Huo ni mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, nao umo katika vitabu. Wazazi wake walioana "baada ya mgomo", na yeye mwenyewe, kwa hesabu zangu nyingine, alizaliwa 1952. Mwezi wa harusi ile haujui, hakuwepo. Hakuna embe, hakuna kusi, hakuna mfungo. Nikaandika "kati ya 1947 na 1951" nikaacha hapo.

Shule ilipofunguliwa kazi zilibandikwa kwenye ubao wa nje ya maktaba. Zipo zilizonakiliwa, mtu ana babu aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia na tarehe zake zinafanana neno kwa neno na za mwenzake. Lakini zipo nzuri. Yule wa deski langu nilimwambia ampigie babu yake simu asimuulize mwaka, amuulize redio ilikuwa ikisema nini alipohamia Mombasa. Ikatokea kwamba mzee alikuja akiwa mfanyakazi wa reli, reli ikiwa bado ya nchi tatu, na mwanawe wa kwanza alizaliwa hapa kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Huyo ndiye "tumekuja juzi". Sasa anatuambia sisi wa Likoni ndio wageni, maana yeye amezaliwa kisiwani.

Mimi nimeanza daftari langu. Upande mmoja naandika habari ya mji au ya nchi, upande wa pili habari ya nyumbani. Juni 2024, vijana waandamana kupinga Mswada wa Fedha. Ubavuni: binamu yangu ajifungua, mtoto wa kike. Bibi alinitaka niongeze mfungo tatu, nikaongeza. Bei ya unga haimo, kwa sababu shangazi alisema tukianza na bei hatutamaliza.

Mwalimu alinipa alama nzuri, ila alinikata moja kwa ile "kati ya 1947 na 1951". Alisema maagizo yalikuwa tarehe, si makadirio. Nikajitetea kwamba kuandika mwaka mmoja ningekuwa nimebuni, akasema ananielewa lakini alama haibadiliki. Nimemfikishia bibi habari hiyo. Amesema mwalimu avuke feri aje amuulize mwenyewe, na akija asije mikono mitupu.