Huruma ya Asiyefiwa

Jumamosi usiku, Ujiji

Mtoto wa kaka yangu ameshatoa hukumu: Kapteni Picard ni mjinga. Alianza jana usiku kabla laptop haijapoa, akarudia asubuhi kwenye chai, na mchana akaipeleka kesi kijiweni kwa wenzake ambao hata jina la huyo Picard hawajawahi kulisikia. Wakampa ushindi, bila shaka. Mimi shangazi yake sina kijiwe, naandika hapa.

Kesi yenyewe ni "I, Borg", episodi ya mwaka 1992 ya Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya meli ya anga ambayo nahodha wake ni huyo Picard. Waborg, kwa asiyewajua, ni viumbe nusu nyama nusu mashine, maelfu kwa maelfu wenye akili moja. Hawatukani wala hawakasiriki. Wakikupata wanakufanya kiungo chao, na wewe uliyekuwepo jana haupo tena. Picard mwenyewe alipitia mikononi mwao: walimteka, wakamgeuza msemaji wao, na kwa maarifa waliyoyachota kichwani mwake wakaangamiza meli 39 za wenzake. Sasa meli yake inamwokota Mborg kijana, majeruhi wa ajali iliyowamaliza wenzake. Daktari Crusher anasema atibiwe kwa kuwa ni majeruhi, basi. Picard anakubali, ila moyoni ana lake. Atibiwe, kisha apandikizwe kichwani umbo la ajabu, fumbo lisilo na jibu, arudishwe kwao. Akili ya Waborg wote italidaka lile fumbo, itahangaika nalo mpaka izime. Jamii nzima imalizwe kwa kupitia mgonjwa mmoja.

Mpango ulikwenda vizuri hadi mgonjwa alipopewa jina. Wakamwita Hugh. Akajifunza kusema "mimi" badala ya "sisi", na mwishowe Picard akauacha mpango wake.

"Angewapelekea tu, Shangazi. Kazi imeisha, watu wanalala."

Siwezi kusema hoja yake ni ya kitoto. Watunzi wenyewe waliijua. Mwaka uliofuata, katika "Descent", Waborg wamerudi na admirali mmoja wa kike, Nechayev, anamweleza Picard bila kupepesa macho kwamba ile nafasi alipaswa kuitumia, na ikija nyingine aitumie. Hakuna anayemjibu akamshinda. Napenda kwamba hakuna anayemshinda.

Halafu kijana amelelewa kama nilivyolelewa mimi, kwenye kibanda umiza. Pale Mwanga tulikaa kwenye mabenchi ya mbao, jasho linatiririka, na muvi ilikuwa na watu wawili tu: steringi na adui. Steringi hafi. Adui anakufa mwisho, banda zima limesimama. Steringi akimwonea huruma adui aliyeanguka na kumpa mgongo, lazima sauti itoke nyuma, "Mmalize huyo!", na sauti ya nyuma haikuwahi kukosea, kwa sababu adui alikuwa na bastola kwenye soksi. Shukrani ya punda ni mateke. Hilo tulilishuhudia kila Jumapili kwa kiingilio.

Lakini usiku wa jana, wakati kijana anapiga kelele zake, niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona nilipoitazama mara ya kwanza. Tazama ni nani wanaomtetea Hugh. Daktari Crusher, ambaye Waborg hawakumgusa. Geordi La Forge, fundi wa meli, naye hivyohivyo. Wanaokataa ni Picard, aliyetekwa, na Guinan, mama wa baa, ambaye watu wake walivamiwa na Waborg na waliosalia wakatawanyika. Kuna pahali Guinan anacheza na Picard mchezo wa vitara. Anajifanya ameumia, Picard anashusha silaha kumwangalia, naye anamchoma. Ulinionea huruma, anamwambia, ona ilivyokufikisha. Kibanda umiza chote kingempigia makofi.

Nikajaribu kwingine, nikakuta vilevile. Katika "Dalek", episodi ya mwaka 2005 ya Doctor Who, tamthilia ya Waingereza, Dalek wa mwisho, kiumbe muuaji ndani ya gamba la chuma, amefungwa minyororo chini ya ardhi huko Utah. Rose, msafiri mwenza wa The Doctor, anamwonea huruma, anamshika. Rose hajawahi kuwaona Wadalek maishani mwake. The Doctor, aliyepoteza watu wake wote katika vita dhidi yao, ndiye anayetokwa povu akitaka yule kiumbe afe. Na kule kuguswa kwa huruma ndiko kunakompa Dalek nguvu za kujifungua, akaua watu tele kabla ya jua kuonekana.

Kwa hiyo katika hadithi hizi huruma karibu kila mara inaanzia kinywani mwa asiyefiwa, na mfiwa ndiye anayeombwa ailipie.

Episodi iliyonikamata koo ni "The Enemy", ya Star Trek ileile ya Picard, mwaka 1989. Meli inamwokota Mromulani mahututi, mtu wa taifa la adui. Anahitaji ribosomu, vijichembe vya ndani ya seli, na katika meli nzima anayeoana naye ni mmoja, Worf, ofisa wa meli wa jamii ya Waklingoni, ambaye wazazi wake waliuawa na Waromulani huko Khitomer. Crusher anamwomba. Worf anakataa. Anakwenda hadi kitandani, na mgonjwa, badala ya kubembeleza, anamwambia ni bora afe kuliko kuchafuliwa na uchafu wa Kiklingoni. Hapo ndipo ninapowavulia kofia watunzi. Adui hajalainishwa ili tumpende, hajapewa jina tamu kama Hugh, na wala si kijana mwenye macho ya kitoto.

Picard naye anamwita Worf. Anamsihi, kwa maana Mromulani akifa vita vinaweza kulipuka. Ila hamwamrishi. Ana cheo cha kumwamrisha na anakiacha mezani. Worf anabaki na jibu lake, na Mromulani anafa.

Kijana alishangilia. Mimi nilikuwa Lake Tanganyika.

Uwanja, namaanisha, si ziwa. Mei 2015 Warundi walikuwa wanakimbia kwao, makumi ya maelfu wakabanana Kagunga, kijiji kilichofinywa kati ya milima na maji, hakuna barabara. Meli ya Liemba ikawa inawaleta Kigoma, huku wengine wakiletwa kwa vyombo vidogo. (Liemba yenyewe ni mali ya adui ukitaka kusema hivyo. Wajerumani waliileta kwa vipande, wakaiunga hapa Kigoma, wakaitumia vitani, wakaizamisha wenyewe 1916 wasimwachie Mwingereza, na Mwingereza akaiopoa 1924. Chuma kinasamehewa haraka.) Wakimbizi wakawekwa uwanjani. Kipindupindu kilikuwa kimeshatangulia: wagonjwa walifika 3,000 kabla Mei haijaisha, na waliokufa thelathini na kitu. Nilikuwa nimemaliza uuguzi nasubiri ajira, nikaenda kujitolea.

Kazi ya kipindupindu haina falsafa. Unatafuta mshipa, unafunga dripu, unapima kilichotoka kwenye ndoo, unamimina klorini, unahamia kitanda kingine. Usiku mmoja akaletwa mwanaume mzima, amekauka, macho yameingia ndani. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kunong'ona. Halafu wakasema wazi: huyu tunamjua, alikuwa na vijana waliokuja kutufukuza usiku, sisi hatulali naye. Kweli au uongo, sikujua wakati ule na sijui leo. Kipindupindu hakisubiri uchunguzi.

Tulikuwa na dada mkalimani, Mrundi, mkimbizi kama wao, aliyejitolea kama mimi. Kaka yake alikuwa ameuawa majuma machache nyuma. Msimamizi wa zamu akamwomba aje amuulize yule mtu ameanza kuharisha lini. Dada akasema hapana. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Msimamizi hakumsukuma. Dada akachukua ndoo, akaenda upande wa watoto, akafanya kazi hadi asubuhi.

Nikamhudumia mimi. Kiha na Kirundi vinasikilizana, tukaelewana ya kutosha, na alipopata nguvu ya kutukana nilielewa matusi yote. Alinitukana kwa sindano, akamtukana jirani yake, akatutukana kwa maji ya chumvi. Alipopona alidai shati lake, akalalamika kwamba klorini imelichujua, akaondoka. Hakushukuru. Nami sikutegemea.

Miaka yote nimekuwa nikisimulia kisa hiki nikiwa mimi ndiye mwenye utu. Sheria iko upande wangu, maana Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inasema majeruhi na mgonjwa atibiwe bila kubaguliwa. Hata darasa la Sura ya Insani nililolisikia tangu utotoni liko upande wangu: wema ni wale wanaowalisha maskini, yatima na mfungwa. Wafasiri wengi wanasema mfungwa huyo ni mateka wa vita, ndiyo, adui.

Lakini dripu haikuwa yangu. Kaka aliyeuawa hakuwa wangu. Mimi nilitoa usingizi wangu na mikono miwili yenye glavu. Dada yule aliombwa kitu kilichotoka mwilini mwake, kama Worf. Kuniweka mimi na yeye kwenye mizani moja, halafu kusema mimi nilikuwa na huruma na yeye hakuwa nayo, ni hesabu ya ovyo. Namshukuru msimamizi, ambaye kwa hakika hajawahi kuitazama Star Trek, kwa kutotumia cheo chake.

Nilipomweleza kijana haya leo jioni tukichambua dagaa, aliona mlango na akaingia. "Basi, Shangazi, mfiwa ndiye aamue. Picard alifiwa. Angeua." Akaniongezea Ngara, ambayo walifundishwa au ameisoma mahali. Mwaka 1994 robo milioni ya Wanyarwanda walivuka mpaka pale Rusumo kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja hivi, na miongoni mwao walikuwemo walioongoza mauaji, ambao wakaendelea kutawala kambi na kugawa chakula cha msaada. Mwishoni mwa mwaka huo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilifunga virago likasema haliwezi kuwa jiko la wauaji. Matawi mengine ya shirika hilohilo yakabaki kwanza, kwa kuwa kambini kulikuwa na watoto pia. Nilimwambia ukweli wangu: ningekuwa Ngara sijui ningepanda gari lipi.

Ila kuhusu Picard amekosea, na amekosea kwa sababu hakutazama vizuri. Crusher hakumbadili Picard. Geordi hakumbadili. Aliyembadili ni Guinan. Alikwenda kumwona Hugh akiwa na hasira zake zote, akazungumza naye, akatoka ametikisika, akaenda kumwambia Picard: kabla hujafanya, nenda kamwangalie. Picard alikuwa amekwepa kumwangalia siku zote. Maneno ya Guinan yaliingia kwa kuwa yalitoka kwa mtu aliyepoteza kuliko yeye.

Kufiwa hakumpi mtu usahihi, hilo nalo nalijua. Ndiyo maana baada ya dagaa nilimwekea "Duet", ya Deep Space Nine, Star Trek nyingine, mwaka 1993. Meja Kira, Mbajori aliyepigana tangu utotoni na Wakardasia waliolitawala taifa lake, anamkamata Mkardasia anayejitapa kuwa ndiye mkuu wa kambi ya mateso ya Gallitep. Kumbe ni karani tu, Marritza, aliyekuwa akiziba masikio usiku asisikie vilio, na aliyejibadilisha sura ili ahukumiwe kwa niaba ya mkubwa wake na taifa lake likiri. Kira anamwachia huru. Hakuna daktari mwema aliyemhubiria. Amefika hapo kwa miguu yake, siku kadhaa za kuhoji. Wanatembea pamoja, na Mbajori mwingine anamchoma Marritza kisu. Kira anauliza kwa nini, huyu hakuwa yule. Mwuaji anajibu kwamba ni Mkardasia, hiyo inatosha. Kira anasema hapana, haitoshi.

Angeyasema hayo Daktari Crusher, ningeinuka kwenda kuangalia maharage.